Raundi Moja Tu

Kanisa la Chemchemi ya Neema, pale Uthiru, lina wachungaji wawili, wazee wa kanisa tisa, na Lornah Obuya. Wachungaji huhamishwa na wazee hustaafu, lakini Lornah yuko jikoni mwaka wa kumi na tano sasa. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti inayosikika hadi barabara kuu ya Waiyaki Way hata anapodhani ananong'ona. Alizaliwa Butula, akaja Nairobi akiwa na miaka kumi na tisa kufanya kazi za nyumbani Spring Valley, na leo ndiye mpishi mkuu katika kantini ya jengo moja la ofisi kule Kilimani. Hiyo ni kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya vijana wa kanisa, na siku hiyo Lornah humtumikia Mungu kwa sufuria.

Siku yenyewe huitwa Jumamosi ya Vijana. Wanafika saa tatu asubuhi, wanaimba, wanajifunza Neno, saa saba wanakula, na saa nane wanarudi ukumbini kwa mafundisho ya alasiri. Lornah alipoanza walikuwa vijana kumi na wanane. Mwaka jana walikuwa wamepita mia moja. Mchungaji wao, Pasta Muthama, ni mtu mkweli, na hakuwahi kujidanganya kuhusu ongezeko hilo. "Neno ndilo linawashika," alikuwa akisema, "lakini chapati ya Mama Were ndiyo inawaleta." Were ni mwana wa kwanza wa Lornah, fundi wa umeme huko Kisumu, na kwa wazee wa kanisa mama yake hana jina lingine. Vijana, kwa upande wao, humwita Mathe, yaani mama.

Sasa, jiko la Lornah lilikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha katoni juu ya mlango: RAUNDI MOJA TU. Ukishapakua, umepakua. Hakuna kurudi. Mwenyewe husimama mwisho wa meza ameshika mwiko, na kijana anayejaribu kujipenyeza mara ya pili huku amefunika uso kwa kofia ya jaketi hugundua kwamba Mathe hutambua watu hata kwa viatu.

Sheria hiyo haikutoka kwa uchoyo. Mwaka wake wa kwanza jikoni kulikuwa na kongamano la Pasaka, na wageni walifika wengi kuliko waliotarajiwa. Vijana wa kwanza walikula wakarudi, wakarudi tena, na foleni ilipofika katikati sufuria zikawa tupu. Watu arobaini walibaki wamesimama na sahani mikononi. Kulikuwa na msichana mmoja mgeni aliyeitazama sahani yake, akaifuta vizuri kwa kitambaa, akairudisha mezani, akasema, "Asante, mama." Ile asante ilimchoma Lornah kuliko tusi. Alilia usiku huo hadi mto wake ukalowa, na asubuhi akatafuta katoni na kalamu nyekundu.

Kwa hiyo hakuna aliyekosa chakula tena. Lakini binadamu akiambiwa atapakua mara moja tu, hujifunza kupakua. Vijana wa Uthiru walikuwa mabingwa. Walianza na chapati tatu zilizosimamishwa ukingoni mwa sahani kama ukuta. Ndani ya ukuta wakamimina wali, wakaugandamiza kwa mgongo wa kijiko, wakapanga viazi, wakafunika kwa maharagwe, na nyama ikafichwa chini kabisa ili Mathe asihesabu vipande. Kabichi iliwekwa juu kidogo, kwa heshima. Kazi hiyo waliiita kujenga ghorofa, na kulikuwa na vijana waliosifika kwayo hata Kangemi.

Na kwa kuwa kumwaga chakula cha kanisani ni aibu, ghorofa ilijengwa na ghorofa ikaliwa yote, hadi punje ya mwisho. Halafu saa nane ikafika.

Kulala kwa vijana alasiri kulikuwa kumezoeleka kiasi kwamba hakuna aliyekuona tena. Walimu wa kujitolea walifundisha vichwa vilivyoinama wakasema ni maombi. Lakini mwezi wa Mei mwaka jana alikuja mhubiri kutoka Nakuru, mtu mzito, akahubiri kwa saa nzima jasho likimtiririka. Mwisho akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Anayetaka kumpa Bwana maisha yake leo, asimame." Hakusimama mtu. Akarudia. Kimya. Kisha mpiga kinanda, aliyekuwa amelala ameketi, akaangukia kinanda kwa kipaji cha uso, na noti moja ndefu ikajaza kanisa zima. Vijana mia na zaidi wakashtuka kwa pamoja wakasema, "Ameni!"

Mhubiri alifunga Biblia yake akaondoka bila kunywa chai.

Wiki iliyofuata Baraza la Wazee lilikutana. Mwenyekiti wake ni Mzee Mwaura, ambaye familia yake ilikuwa ikilima Uthiru kabla barabara haijaitwa Waiyaki, na ambaye sasa ana nyumba za kupangisha na maoni kuhusu kila kitu. Hakuzunguka. "Tumegeuza nyumba ya Mungu kuwa hoteli," alisema. "Tufunge hilo jiko. Wapewe chai na biskuti, wamalize, waende kwao." Pasta Muthama alimtetea Lornah hadi akapungukiwa maneno. Mwishowe wakakubaliana hivi: Agosti kanisa lingekuwa mwenyeji wa Mashindano ya Biblia kama kila mwaka, makanisa manne, na fainali zingefanyika alasiri baada ya chakula. Vijana wakilala mbele ya wageni, jiko linafungwa. Wakikaa macho, litabaki.

Pasta alimpelekea Lornah habari hizo jikoni, Jumamosi jioni, akamkuta akisugua sufuria. Lornah aliendelea kusugua. Alikuwa akiwafikiria wale wanafunzi wa chuo waliopanga vyumba vya mabati huku chini, wanaoishi kwa mkate na chai ya rangi, na ambao sahani ile ya mwisho wa mwezi ndiyo iliyowakumbusha nyumbani. Alikuwa akijifikiria na yeye pia, kwa nini afiche? Hawezi kuimba. Akisimama kuomba mbele ya watu hutetemeka. Kupika ndicho kitu pekee anachokifanya mbele za Mungu bila kuona haya. Biskuti! Aligonga sufuria kwa mwiko hadi Pasta akaruka.

"Nipe hiyo miezi mitatu, Pasta," alisema. "Hawatalala."

Pasta alitaka kusaidia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Juni alihubiri juu ya ulafi. Alikuwa na mistari mingi na alikuwa na moto, na katikati ya moto huo akasema kwamba wengine wetu miili yetu yenyewe inatoa ushuhuda. Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja, kwa sababu vichwa mia vilimgeukia Joyline.

Joyline ana miaka ishirini na miwili, ni msichana mkubwa wa mwili, na ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya Mashindano ya Biblia. Analijua Agano la Kale jinsi watu wengine wanavyowajua majirani zao. Alikaa pale hadi baraka ya mwisho, akakunja daftari lake, akatoka, na Jumapili iliyofuata hakuonekana. Wala ile nyingine. Lornah, ambaye mwili wake pia hutoa ushuhuda kutoka mbali, alikasirika siku nzima. Vijana wembamba walikuwa wamejenga ghorofa ndefu kuliko ya Joyline, na hakuna shingo iliyogeuka kuwatazama.

Julai Lornah akajaribu njia yake. Alipakua mwenyewe: chapati moja, kijiko kimoja cha wali, upawa mmoja wa mchuzi, nenda. Vijana walikula kwa dakika nne. Kisha wakatoka nje kwa makundi, wakashuka hadi vibandani, wakarudi na chipsi zilizofungwa kwa gazeti na soda za nusu lita. Alasiri hiyo walilala kuliko siku zote. Lornah alichungulia dirishani akaona kanisa lake limelala, midomo inang'aa mafuta ya chipsi za watu wengine, na akahisi amesalitiwa kabisa.

Jumapili jioni alienda kumtafuta Joyline. Alimpata kwa shangazi yake, nyuma ya soko, akifua. Lornah akavuta stuli akaketi na kuanza kukamua nguo bila kuulizwa.

"Sasa, Joyline."

"Poa, Mathe. Wacha tu, nitamaliza."

"Rudi kanisa. Timu haina kichwa."

Joyline alisugua kola ya shati kwa muda mrefu. "Mathe, mimi hupakua tu kama kila mtu. Kuna vijana wenzangu hupakua kunishinda, lakini hao hakuna mtu huwaangalia."

"Najua. Niliona."

"Na si ati sijui nakula mob, nakula sana. Najua. Lakini nikifika kwa hiyo meza yako sijiulizi nasikia njaa kiasi gani. Nawaza tu nikitoka hapa hakuna kurudi. Basi nachukua ya sasa na ya baadaye."

Lornah alikamua blausi moja mara mbili. Maneno hayo yalimkaa kifuani, lakini hakujua ayafanye nini. Alimsaidia kuanika, akaenda zake.

Jibu lilikuja siku nne baadaye, tena Kilimani, mahali alipopika kila siku kwa miaka tisa bila kuona kilichokuwa mbele ya macho yake.

Watu wa ofisi katika jengo lile hula kidogo. Wanakuja na simu zao, wanachukua vijiko viwili vya wali, sukumawiki, kipande cha samaki, wanakaa, wanazungumza, na mara mojamoja mmoja anarudi kuongeza ndizi. Lornah siku zote aliamini ni mambo ya watu wenye pesa, wanaohesabu kalori na kukimbia asubuhi bila kufukuzwa. Meneja wa jengo, Macharia, kijana wa suti zinazobana, ndiye aliyezidi. Kila wiki alimkumbusha Lornah apunguze mafuta.

Alhamisi hiyo walifika wageni thelathini na watano wa mkutano, na hakuna aliyekuwa amewaarifu watu wa jikoni. Macharia alikuja mbio akabandika karatasi mlangoni: Leo kila mtu apakue mara moja tu, tafadhali.

Lornah alikuwa nyuma ya kaunta, akifuta mikono. Akaona msichana wa uhasibu, ambaye hajawahi kula chapati nzima tangu aajiriwe, akichukua chapati tatu. Akaona wakili mwenye mvi akigandamiza wali kwa mgongo wa kijiko. Akaona watu wenye shahada mbili mbili wakificha nyama chini ya viazi. Na wa mwisho akaja Macharia mwenyewe, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasimamisha ukuta wa chapati kwenye ukingo wa sahani, akaanza kujenga.

Hakuna aliyekuwa amewafundisha. Hawajawahi kufika Uthiru. Saa tisa tarishi alishuka kuchukua chai akamwambia, "Mama, huko juu leo ni kama wodi. Nusu ya ofisi wamelalia meza."

Lornah aliingia stoo ya unga, akafunga mlango, akaketi juu ya gunia. Kumbe! Kumbe si ulafi, na wala si umaskini, na wala si ushetani wa vijana wa siku hizi kama alivyosema Mzee Mwaura. Ni ile katoni. Ni kalamu yake nyekundu. Kwa miaka kumi na minne aliwafundisha watoto wa watu kuogopa meza, kisha akawashangaa wakila kwa hofu. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Halafu, katikati ya aibu ile, akaanza kucheka peke yake katika stoo ya unga, kwa sababu kama yeye ndiye aliyelifunga fundo, basi anajua ncha iko wapi.

Jioni hiyohiyo alishukia kanisani badala ya nyumbani. Pasta Muthama alikuwa ofisini akiandaa maswali ya mazoezi.

"Pasta, nataka vitu viwili," alisema kabla hajaketi. "Cha kwanza, ile sheria yangu naifuta. Siku ya mashindano watu warudi kwa meza mara wanazotaka."

"Mara wanazotaka? Mama, tutakuwa watu mia mbili na arobaini!"

"Nimesikia. Cha pili, utamwomba Joyline msamaha. Na si kwa simu. Ulimwaibisha mbele ya watu, utamwomba mbele ya watu."

Pasta aliinamisha kichwa. Nimesema ni mtu mkweli. Jumapili hiyo alikwenda mwenyewe kwa shangazi yake Joyline kumsihi arudi, na Jumapili iliyofuata alisimama madhabahuni bila Biblia mkononi, akasema, "Nilimkosea dada yetu. Nilisema juu ya mwili wake kitu ambacho sikuwa na haki ya kusema, na wengine wote tulikula kama yeye au zaidi. Joyline, nisamehe." Joyline, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, alifuta macho kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Sawa, Pasta. Lakini maswali yako ya mazoezi ni rahisi sana." Walicheka hadi benchi zikasogea. Jioni hiyo timu ilikuwa na kichwa tena.

Ilibaki kazi ya kumshawishi Waithera. Waithera ni mwenzake Lornah jikoni tangu mwanzo, mzaliwa wa Uthiru, na alikuwepo ile Pasaka ya sahani arobaini.

"Mama Were, na kikiisha?" aliuliza. "Utawaambia nini wageni? Utaimba?"

"Hakitaisha."

"Unajua aje?"

Lornah alivuta kiti hadi mlangoni. Alijua kwa kuwa alimwona Macharia akijenga ghorofa, lakini jambo hilo si rahisi kumweleza mtu asiyemjua Macharia. "Nimeona kwa macho yangu," alisema tu. "Tutapika kama kila mwaka, si zaidi. Lakini mboga, kunde na managu, zitangulie kwa meza, halafu maharagwe, halafu kuku, na wali na chapati zikae mwisho. Soda hakuna. Maji na machungwa." Kisha akapanda kiti akabandua katoni mlangoni. Gundi ya miaka ile yote ilibanduka na rangi ya ukuta.

Siku ya mashindano jua lilitoka mapema. Walikuja wa Kinoo, wa Kangemi na wa Kikuyu, na sare zao, na vifijo vyao. Raundi za asubuhi Joyline na timu yake walizipita kwa urahisi, kama walivyofanya kila mwaka. Kila mwaka pia walishindwa alasiri, wakiwa wanapiga miayo, na Kinoo wakaenda na kombe. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu, Kinoo zaidi.

Saa saba foleni ikajipanga. Lornah alisimama mwanzo wa meza safari hii, si mwisho, na kila aliyefika alimwambia maneno yaleyale: "Pakua kidogo, keti, kula na mwenzako. Ukisikia njaa, rudi. Kipo."

Hawakumwamini, bila shaka. Kijana wa kwanza alijenga ghorofa ya nguvu, akimtazama kwa wasiwasi akingoja mwiko. Mwiko haukuja. "Enda salama," Lornah alimwambia. Wa pili akajenga. Wa tatu pia. Wali wa sufuria ya kwanza ukateremka, ukateremka, ukafika chini, na foleni ilikuwa bado inazunguka kona ya ofisi. Waithera alimwangalia kwa macho ya mtu anayeona gari likirudi nyuma bila dereva. Lornah aliiona wazi akilini ile sahani iliyofutwa kwa kitambaa. Mkono wake ulikuwa umeshashika mwiko, na miguu ilikuwa imeanza kwenda mwisho wa meza, kule alikosimama miaka yote.

Akausimamisha mwili wake kwa nguvu. Akaweka mwiko chini. "Leta ya pili," alimwambia Waithera, na sauti yake ikasikika hadi barabarani.

Sufuria ya pili ikaja, imejaa, inafuka mvuke. Foleni nzima ikaiona. Hapo kitu kikabadilika, tena kwa utulivu sana kiasi kwamba asiyekuwa mpishi asingetambua. Msichana mmoja wa Kangemi alichukua chapati mbili, akaitazama ile sufuria, akarudisha moja. Aliyemfuata hakuweka ukuta. Joyline alipofika alisimama mbele ya meza, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza kitu, kisha akapakua kunde, kuku, kijiko kimoja na nusu cha wali, akaenda zake. Hakumtazama mtu, na hakuna mtu aliyemtazama.

Walikula kwenye nyasi, wakizungumza. Walikula polepole, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakimbizana na kitu. Wengine walirudi. Mwanafunzi mmoja wa vyumba vya mabati alirudi mara tatu, na Lornah alimpakulia mwenyewe mara ya tatu, kwa sababu yule alikuwa na njaa kweli, na njaa ya kweli ina haki yake. Lakini wengi waliinuka kurudi, wakafika nusu ya njia, wakajishika tumbo, wakacheka, wakachukua chungwa.

Saa nane kasorobo Waithera alifunua sufuria zilizokuwa nyuma. Moja ya wali ilikuwa haijaguswa. Ya maharagwe ilikuwa nusu. Chapati zilibaki beseni zima. Watu mia mbili na arobaini walikuwa wamekula wakashiba, na chakula kilikuwa kimebaki.

"Mama Were," Waithera alisema. Walishikana mikono wakarukaruka pale jikoni, wanawake wawili wa miaka hamsini na kitu, hadi vifuniko vikaanguka.

Fainali ilikuwa kati yao na Kinoo. Lornah alisimama dirishani akihesabu vichwa vilivyoinama. Hakupata hata kimoja. Vijana walikuwa wameketi mbele kwenye viti, wanapiga makofi, wanabishana na mwamuzi. Pointi zikalingana. Likabaki swali moja: Ni nani aliyesinzia Paulo akihubiri, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu? Kinoo walitazamana. Joyline akagonga meza kabla mwamuzi hajafunga kinywa.

"Eutiko! Matendo ishirini!"

Kanisa lililipuka. Walimwinua Joyline juu, na Joyline si mzigo mdogo, na hakuna aliyelalamika. Pasta Muthama alikuwa akilia waziwazi. Lornah naye alilia, akapiga vigelegele vya kwao Butula, akatoka mbio na aproni yake hadi katikati ya ukumbi, na vijana wakamzunguka wakiimba, "Mathe! Mathe!" Alicheza hadi kilemba kikamtoka.

Ni kelele hizo zilizomwamsha Mzee Mwaura.

Kila mtu aliona. Pale meza kuu, wazee watano kati ya tisa walikuwa wamelala usingizi wa wenye haki, mwenyekiti akiwa katikati, kidevu kifuani. Wazee hawapangi foleni kanisani. Akina mama huwapelekea chakula walipoketi, na kwa kuwa kumpakulia mzee kidogo ni kumdharau, walikuwa wamepelekewa ghorofa, kila mmoja yake, kwa heshima zote.

Mzee Mwaura alikuja jikoni watu walipokuwa wakiondoka. Alivua kofia. Lornah aliacha kufunika beseni akamngojea.

"Mama Were," alisema, "nimelala."

"Nimeona, mzee."

"Mbele ya Kinoo."

"Pole, mzee."

Alizungusha kofia mikononi. "Jiko halifungwi. Nitawaambia wenzangu kesho, na sioni atakayebisha, kwa sababu nusu yao nao walikuwa wamelala." Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo Lornah hakuwahi kuisikia kwake, "Daktari aliniambia sukari imepanda. Aliniambia nipunguze. Lakini ikiletwa sahani na mtu amepiga goti, nitairudisha aje?"

Lornah alimtazama mzee yule aliyetaka kumpokonya huduma yake, akatafuta hasira ndani ya moyo wake, hakuipata. "Basi usiletewe," alisema. "Mwezi ujao panga foleni."

"Na vijana?"

"Nyuma ya vijana, mzee. Wao wanafika mapema."

Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Mzee Mwaura alichukua sahani kwenye rundo, akaenda akasimama nyuma ya Joyline. Foleni nzima iligeuka. Kwa miaka arobaini hakuna aliyewahi kumwona na sahani tupu mkononi. Alisogea hatua kwa hatua kama wengine. Alipofika mezani hakujua aanzie wapi, na Joyline akamwonyesha upawa wa managu bila kusema neno. Akapakua managu, kuku, kijiko kimoja cha wali. Akasita juu ya chapati, akamtazama Lornah.

"Na nikitaka kurudi?"

"Rudi, mzee. Hata mara tano."

Hakurudi. Saa nane na nusu, Lornah akiwa anaosha vyombo, alisikia kupitia dirishani Pasta akiuliza nani ana swali, na sauti ya kwanza kujibu ilikuwa ya mzee, kavu, iliyo macho kabisa, ikibishana juu ya mstari. Vijana wakamjibu, naye akawajibu. Lornah aliegemea sinki, povu likiwa hadi viwikoni, akacheka kwa sauti kubwa kiasi kwamba huko ndani walinyamaza wote kumsikiliza.